Cousin: neno dogo lililonifanya nionekane muongo

Bandugu,

Nimeanza na neno hilo makusudi. Kati yenu munaosoma ukurasa huu sina hata mmoja ambaye tulizaliwa tumbo moja, na hakuna atakayeuliza kwa nini ninawaita bandugu. Lakini mujaribu kulipeleka neno hilo kwenye fomu ya kazi iliyoandikwa kwa Kiingereza. Mimi nilijaribu, na nililipa bei yake.

Ilikuwa kazi ya agronome wa terrain, miaka miwili kisha licence yangu. ONG moja ya kigeni, offre kwa Kiingereza, test kwa Kiingereza, mahojiano kwa Kiingereza. Kwenye fomu kulikuwa swali: je, uko na mtu wa familia anayetumika kwetu? Nikasema ukweli, ndiyo. Yaya wangu mmoja alikuwa mu logistique yao. Pembeni wameacha nafasi ndogo ya kuandika uhusiano. Nikaandika "brother", nikaendelea.

Siku ya mahojiano mama wa ressources humaines alikuwa na dossier mbili mbele yake, yangu na ya yaya. Akauliza: mama yenu ni mmoja? Nikajibu hapana. Baba yenu ni mmoja? Hapana, lakini baba zetu ni ndugu. Akasema, basi huyo ni "cousin" wako. Na mimi, kwa kujiamini kabisa, nikamjibu: hapana madame, siyo cousin, ni brother. Cousin ni mwingine.

Hapo ndipo nilijizika mwenyewe. Kwa upande wake, alikuwa mbele ya kijana anayekubali kwamba hawana baba mmoja wala mama mmoja, na bado anashikilia kwamba ni ndugu. Kisha wiki mbili nikapata jibu kwamba habari nilizotoa hazilingani. Ile nafasi ilikuwa ya mkataba wa mwaka mzima, na mimi wakati huo nilikuwa nikiishi kwa ku-corriger TFC za watu.

Sisemi yule mama alikosea. Kwa lugha yake alikuwa na haki. Na kwa lugha yangu mimi pia nilikuwa na haki, hilo ndilo jambo ninalotaka tuangalie, juu ninajua wengi wenu muko karibu kujaza fomu za namna hiyo, za kazi, za bourse, za safari.

Tuanze na Kiingereza. "Cousin" kwa Kiingereza ni mtoto wa ndugu yeyote wa mzazi wako. Mtoto wa kaka ya baba, wa dada ya baba, wa kaka ya mama, wa dada ya mama: wote wanne wanaingia ndani ya kikapu kimoja. Tena neno halionyeshi kama ni mwanamume ao mwanamke. Kifaransa kinatofautisha cousin na cousine, Kiingereza hapana. Hata matamshi yasikudanganye: Mfaransa anasema kuzeni, Mwingereza anasema kitu kama "kazin". Nilishasikia mtu kwenye test ya mdomo akisema kuzeni kwa Kiingereza, mwenye kumuuliza akabaki anaangalia tu.

Na "brother" ao "sister" kwa maana ya karatasi ni yule munayeshirikiana naye angalau mzazi mmoja. Mukishirikiana wawili, sawa. Mukishirikiana mmoja tu, anakuwa "half-brother" ao "half-sister". Kama mzazi wako alioa mtu ambaye tayari alikuwa na mtoto, na hakuna damu kati yenu, huyo ni "step-brother". Hao wote wanaweza kuitwa kwa jina moja la "sibling". Cousin hawezi kamwe kuwa sibling, hata kama mulilala kwenye mkeka mmoja miaka kumi na tano.

Sasa tuje kwetu. Mtoto wa baba mkubwa ao wa baba mdogo ni ndugu yangu, siyo kwa heshima tu, ni kwa hesabu. Kama ndugu ya baba ni baba, basi mtoto wake atakuwa nani kama siyo ndugu yangu? Vilevile mama mkubwa na mama mdogo ni mama, watoto wao ni ndugu. Lakini mjomba siyo baba, na shangazi siyo mama. Watoto wao ndio wako upande mwingine. Hao ndio nilikuwa ninawafikiria siku ile niliposema cousin ni mwingine. Wale wanaotoka Rutshuru ao Masisi na wanaosema Kinyarwanda wanalijua hili vizuri: mtoto wa mjomba ao wa shangazi ni mubyara, na mubyara hachanganywi na ndugu. Kuna lugha nyingi za kwetu ambazo ziko na neno lake la pekee kwa huyo mtu mmoja.

Kwa hiyo siyo kweli kwamba sisi hatujui kutofautisha, kama vile profesa mmoja wa Kiingereza alivyopenda kutuambia. Tunatofautisha sana, isipokuwa mstari wetu unapita mahali pengine. Mwingereza anachora mstari kati ya watoto wa mzazi wake na watoto wa wengine wote. Sisi tunauchora kati ya watoto wa baba zote na mama zote, upande mmoja, na watoto wa mjomba na shangazi, upande wa pili. Wanaosoma anthropologie wanajua kwamba Mmarekani Lewis Henry Morgan aliandika kitabu kizima juu ya mambo haya mwaka 1871, na mfumo wa namna hii aliukuta kwa Wairoki wa Amerika ya Kaskazini, mbali kabisa na sisi.

Na Kiswahili cha vitabu? Wanasema binamu. Hapa kwetu neno hilo tunalijua zaidi kupitia vitabu na filamu za Tanzania, kwa mdomo tunasema kuzeni. Lakini mulifungue neno lenyewe: linatoka kwa Kiarabu, bin ni mtoto wa, amu ni ndugu ya baba. Maana yake binamu kwa asili ni mtoto wa baba mkubwa ao baba mdogo, yaani yule yule ambaye nyumbani kwangu hawezi kuitwa kuzeni hata kwa mchezo! Leo linatumika kwa wote, sawa. Lakini ukitafsiri "cousin" kuwa binamu na kisha binamu kuwa ndugu, ujue umepita kwenye vyumba vitatu visivyofanana.

Kilichonishangaza zaidi ni historia ya Kiingereza chenyewe. Neno "cousin" siyo lao. Lilitoka kwa Wafaransa, kisha Wanormandi walipoiteka Uingereza mwaka 1066 na kuleta maneno mengi ya lugha yao. Kifaransa nacho kililitoa kwenye Kilatini, consobrinus, ambayo mwanzoni ilikuwa ni mtoto wa dada ya mama. Mtu mmoja tu, siyo wanne.

"Uncle" ni vilevile. Linatoka kwa avunculus, na avunculus ilikuwa kaka ya mama. Mjomba kabisa! Noko, kama wanavyosema wenye Lingala. Ndugu ya baba alikuwa na neno lake, patruus, ambalo lilipotea. "Aunt" linatoka kwa amita, dada ya baba, yaani shangazi. Dada ya mama aliitwa matertera, naye neno lake likapotea. Muone vizuri: maneno mawili yaliyobaki kwa Kiingereza na Kifaransa ni mjomba na shangazi, wale wawili ambao sisi tunawatenga. Na mbele ya Wanormandi, Waingereza wa zamani walikuwa na maneno manne yao wenyewe: moja la kaka ya baba, moja la kaka ya mama, moja la dada ya baba, moja la dada ya mama. Walikuwa wanahesabu kwa makini kama shangazi yangu wa Walungu. Wakayapoteza yote manne.

Tena "cousin" lilikuwa neno pana zaidi kuliko leo. Wakati wa Shakespeare mtu aliweza kumuita hivyo mtoto wa ndugu yake, na mfalme aliwaita hivyo wakubwa wa nchi hata kama damu ilikuwa mbali. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba maana ya leo ilishuka kutoka mbinguni.

Sasa ile hesabu ambayo inatisha watu: "first cousin", "second cousin", "once removed". Nitaieleza kama nilivyoielewa mimi, kwa kuchora mti.

Tafuta mzee ambaye ninyi wawili munatoka kwake. Kama ni babu ao nyanya yenu, muko "first cousins". Huyo ndiye tunayemuita cousin germain kwa Kifaransa. Kama mzee mnayeshirikiana ni mzazi wa babu, muko "second cousins". Mzazi wa mzazi wa babu, "third". Mpaka hapo ni rahisi, juu ninyi wawili muko kwenye ngazi moja. "Removed" inakuja pale ambapo hamuko ngazi moja. Haina maana ya kuondolewa ao kufukuzwa, inasema tu kuna tofauti ya kizazi. Cousin germain wa baba yangu, kwangu mimi ni "first cousin once removed". Mtoto wake na mimi ndio "second cousins". Waingereza wenyewe wanakosea hapa, wengi wanamuita mtoto wa cousin wao "second cousin", na siyo yeye.

Mufanye sasa mti huo huo kwa Kiswahili chetu. Baba yangu na huyo cousin wake, mtoto wa baba mkubwa, ni ndugu. Kwa hiyo kwangu ni baba. Kwa hiyo mtoto wake ni ndugu yangu. Na mtoto wa huyo, mtoto wangu. Kwa Kiingereza kila kizazi kinasukuma watu mbali kidogo mpaka wanapotelea kwenye namba. Kwetu neno linarudi palepale, kizazi kwa kizazi, mradi kuna mtu anayekumbuka kwamba babu zetu walikuwa ndugu. Ndiyo maana unaweza kufika Uvira mara ya kwanza maishani na ukakuta uko na wadogo kumi na wawili wanaokungojea na bassin ya maji ya kuoga.

Wenzangu wa agronomie wataniuliza, na damu inasema nini? Twende kwenye cours ya amélioration des plantes. Gunzi moja la mahindi: mbegu zote ziko na mama mmoja, lakini mbelewele zililetwa na upepo kutoka mimea mingi. Kwa hiyo mbegu hizo nyingi ni nusu-ndugu, demi-frères, na mselekshoneri anazihesabu hivyo. Ndugu kamili wanashirikiana kwa wastani nusu ya urithi, asilimia 50. Nusu-ndugu, 25. Cousin germain, 12,5. Hapo mwenye fomu ataniambia: unaona? Lakini ngoja. Ndugu wawili wakioa dada wawili wa nyumba moja, jambo ambalo kijijini tunalijua, watoto wao wanashirikiana asilimia 25, sawa na nusu-ndugu. Fomu itamuita mmoja "half-brother" na mwingine "cousin", na damu ni ileile. Na hesabu hiyo yote, kwa mahindi ao kwa watu, haisemi kitu juu ya nani alikulisha.

Nani alikulisha, hapa Mashariki, siyo swali dogo. Tangu vita vya 1996 na 1998, ni nyumba ngapi munazijua ambamo watoto wa marehemu walichukuliwa na baba mdogo ao mama mkubwa na wakakua bila mtu kuwaambia wao ni wa nani? Watoto hao leo wako wakubwa, wako kwenye kambi za Uganda, Burundi na Tanzania, ao wameishafika Marekani, na wanaulizwa kwa Kiingereza: huyu ni nani kwako? Mkalimani anasikia "ndugu", anasema "brother". Inaandikwa. Miaka kadhaa baadaye swali linarudi, mara hii na majina ya wazazi.

Na sheria zao zinasimama juu ya neno hilo. Raia wa Marekani aliyefikisha miaka 21 anaweza kuombea viza ya kuhamia kule mume ao mke wake, watoto wake, wazazi wake, na kaka na dada zake. Cousin hayumo kwenye orodha, hata wa kwanza. Mwaka 2008 Wamarekani walijaribu vipimo vya DNA kwa wakimbizi waliokuwa Nairobi wakiomba kuunganishwa na familia zao, hasa Wasomali na Waethiopia. Matokeo yaliwafanya wasimamishe programu hiyo mpaka mwaka 2012. Ndani ya wale walioonekana hawafanani damu, waongo hawakosi, tusijidanganye. Lakini kipimo hakina namna ya kutofautisha muongo na mtoto wa marehemu aliyelelewa kama mtoto wa nyumba.

Mimi mwenyewe nilikaa upande wa pili wa meza. Nilitumika siku chache kama enquêteur kwenye enquête ya ménages huko Kabare, tablette mkononi. Mama mmoja akaniambia, niko na watoto kumi na mmoja. Chaguo zilizokuwa kwenye tablette: mtoto, mjukuu, ndugu, mtoto wa ndugu, wengine. Nikamuuliza, wote umewazaa? Akaniangalia vibaya sana. Akasema: "Weye munapima mashamba ao munapima matumbo?" Nikaweka watoto sita, watoto wa ndugu watano, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa, na mbegu za maharagwe zilipangwa kwa ukubwa wa ménage, kwa hiyo hawakupoteza kitu. Lakini niliporudisha tablette nilikumbuka yule mama wa ressources humaines, na hasira yangu kwake ilipungua kiasi.

Kwa hiyo fanya nini mbele ya fomu? Mimi sasa ninafanya hivi. Neno la kwanza ninaweka lile wanalolitaka, hata kama linaniuma, kisha ninaeleza kwa maneno yangu. Siandiki "brother" peke yake, siandiki "cousin" peke yake. Ninaandika: "cousin, son of my father's elder brother, we grew up in the same house". Hapo hakuna anayeweza kusema nimeficha. Kama nafasi ni ndogo, ninaandika "first cousin" na ninaeleza siku ya mahojiano kabla hawajaniuliza. Wakiuliza "relatives", hao ni watu wote wa familia, cousin yumo, mtaje. Wakiuliza "immediate family", kawaida ni mume ao mke, watoto, wazazi, kaka na dada, cousin hayumo. Lakini usome maelezo ya fomu, juu kila shirika linaweza kuweka maana yake. Watu wa droit watakumbuka kwamba sheria zenye asili ya Ufaransa na Ubelgiji zinahesabu kwa degré: unapanda mpaka kwa mzee wa pamoja, unashuka kwa mwingine. Ndugu ni degré ya pili, mjomba ya tatu, cousin germain ya nne. Wakiandika "mpaka degré ya nne", cousin germain ameishaingia.

Kuna wanaosema "cousin brother". Nchi nyingi za Afrika zinazosema Kiingereza wanalisema, na India pia. Mwalimu wa Kiingereza atalikata kwa kalamu nyekundu. Mimi ninalipenda, linasema ukweli wetu kwa maneno mawili. Litumieni kwa mdomo na watu wa Kampala, watawaelewa. Kwenye karatasi, bado.

Imebaki sehemu moja ambayo sijawaambia. Yule yaya ndiye aliyelipa minerval yangu ya G1 na G2, wakati baba yangu hakuwa na kitu. Alianza kubeba mizigo bandarini, kisha akapata ile kazi ya logistique. Mwaka mmoja kisha ile aibu nilikuwa ninajaza fomu nyingine, ya bourse, kwenye ordinateur yake. Nilipotoka kununua unité, akaisoma. Niliporudi alikuwa ameketi kimya. Akaniuliza: "Njo leo niko kuzeni?"

Nikamueleza yote, avunculus na consobrinus na gunzi la mahindi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kiisha akasema, andika vile banataka, lakini mama asiione. Mama anayemsema ni mama yake, mama mkubwa wangu, ambaye mpaka leo akiulizwa ako na watoto wangapi ananihesabu.

Mwezi uliopita yeye ndiye aliyekuwa anajaza karatasi, amebadilisha kazi. Kulikuwa nafasi ya mtu wa kuitwa kama kuna shida. Akaweka jina langu, namba yangu, na pembeni, kwa maandishi makubwa, "brother". Mahali hapo hawaulizi majina ya wazazi. Sikusema kitu.